Chumvi Iwe ya Mwisho Kwenye Ndoo ya Shampuu

Mtu akitaka kutengeneza shampuu nyumbani Dar es Salaam, hahitaji kwenda mbali. Maduka ya kemikali ya Kariakoo yana kila kitu cha kupima kwa kilo au kwa lita: asidi ya salfoniki, Ungarol, magadi soda, CMC, gliserini, rangi, manukato na kichupa cha fomalini. Muuzaji anakupa na maelekezo bure, na mara nyingi yanaishia hivi: tia chumvi kidogo kidogo mpaka iwe nzito, halafu weka fomalini vifuniko viwili isije ikaharibika.

Maelekezo hayo yana sayansi nzuri ndani yake, lakini pia yana kasoro kubwa. Yanachukulia kwamba kinachoipa bidhaa uzito na kinachoizuia isioze ni vitu viwili visivyojuana, kila kimoja kinunuliwe kivyake na kitiwe kwa wakati wake. Kumbe vinajuana sana, na kimoja kinaweza kukivunja kingine mgongo. Anayetengeneza shampuu, losheni au jeli ya nywele anapaswa kuvichagua kwa pamoja, kabla hata hajawasha jiko.

Tuanze na ndoo yenyewe. Ungarol, ule uji wa kutoa povu na kusafisha, ukishayeyuka majini, mchanganyiko bado ni mwepesi. Kijiko cha kwanza cha chumvi hakionyeshi kitu. Ukiendelea, inafika mahali mwiko unaanza kuacha mfereji nyuma yake, na mapovu yaliyokuwa yakikimbilia juu yananasa katikati ya ndoo na kutulia. Hapo mtengenezaji hufurahi, na furaha hiyo ndiyo inayomponza. Anaongeza tena ili izidi kuwa nzito, na shampuu inarudi kuwa maji. Wengi hudhani wameuziwa Ungarol feki. Sivyo. Wamepanda kilima, wakapita kileleni bila kujua, wakashukia upande wa pili.

Molekuli ya Ungarol ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa nyingi majini, molekuli hizi hujikusanya, mikia ndani na vichwa nje, na kuunda vitufe vidogo visivyoonekana kwa jicho. Vichwa vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana, na msukumano huo ndio unaofanya mkusanyiko ubaki kuwa kitufe. Chumvi ikiingia, ioni zake za sodiamu zenye chaji chanya zinakaa kati ya vichwa na kuupoza ugomvi. Vichwa vinasogeleana, vitufe vinarefuka, vinakuwa nyuzi ndefu zinazonyumbulika. Nyuzi hizo zinajisokota kama tambi kwenye sufuria, na msokotano huo ndio uzito unaousikia kwenye mwiko. Ukizidisha chumvi, nyuzi zinaungana na kuota matawi, mafundo yanateleza badala ya kushikana, na uzito unakwisha. Mara nyingi kilele hicho hufikiwa kabla chumvi haijafika asilimia 5 ya mchanganyiko wote. Manukato nayo huingia kwenye nyuzi na kubadilisha mambo, ndiyo maana wazoefu hutia manukato kwanza na chumvi baadaye.

Sasa angalia jambo ambalo muuzaji hakulisema. Kihifadhi kinachouzwa sana kwa ajili ya vyakula na vipodozi, sodiamu benzoeti, nacho ni chumvi ya sodiamu. Ukikitia mwishoni, baada ya kuhangaika kupata uzito unaoutaka, umeongeza sodiamu nyingine, na unaweza kuisukuma ndoo nzima ikateremka kilima. Kwa hiyo kihifadhi kitangulie, na chumvi ije mwisho kabisa.

Kuna wanaoamini kwamba chumvi yenyewe inatosha kuhifadhi, kwa kuwa ng'onda haozi. Hoja hiyo ilijibiwa vizuri mwaka 1953 na W. J. Scott, mtafiti wa Australia. Alionyesha kwamba kinachoamua kama kijidudu kitaota ni kiasi cha maji kilicho huru kukitumikia, wala si wingi wa maji yaliyomo. Maji safi yana kipimo cha 1. Bakteria wengi hukwama kipimo kikishuka chini ya 0.91, na yule anayesababisha majipu, Staphylococcus aureus, huendelea mpaka karibu 0.86. Chumvi iliyomo kwenye samaki mkavu huyafunga maji kiasi hicho. Chumvi ya asilimia mbili au tatu kwenye shampuu haifui dafu, maji yake bado yako kwenye 0.98 au juu zaidi. Asali nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa kwenye chupa yake haiharibiki, lakini vijiko viwili vya asali ndani ya losheni yenye maji mengi vimegeuka chakula cha bakteria.

Na chakula ndilo neno lenyewe. Jeli ya alovera iliyosagwa kwenye blenda, maji ya bamia, ute wa mlenda, jeli ya mbegu za kitani wanayoipenda wenye nywele za asili: vyote hivi vinapata uzito wake kutokana na minyororo mirefu ya sukari. Sisi tunaona ute, bakteria anaona wali. Vijidudu vinatoa vimeng'enya vinavyokata minyororo hiyo vipande vipande, na jeli inaanza kuwa nyepesi hata kabla haijanuka. CMC, ambayo ni selulosi iliyofanyiwa kazi kiwandani, hukatwa vivyo hivyo na vimeng'enya vya ukungu. Losheni iliyokuwa nzito wiki iliyopita ikawa maji leo bila sababu, usiiongezee kitu. Imwage.

Ubaya ni kwamba mara nyingi hutaona hata dalili hiyo. Gramu moja ya krimu inaweza kuwa na bakteria milioni moja na bado ikawa nyeupe, laini, inanukia waridi. Viwango vya kimataifa vya vipodozi vinaruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 kwa gramu, na visivyozidi 100 kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka mitatu na za kupaka karibu na macho. Mwaka 1977 watafiti wa Atlanta, Marekani, Louis Wilson na Donald Ahearn, waliandika kuhusu wanawake waliopata vidonda kwenye kioo cha jicho baada ya kujikwaruza kwa brashi ya maskara. Ndani ya maskara hizo kulikuwa na Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayeishi kwenye sinki, ndoo na maji ya bomba, na ambaye akipata mkwaruzo kwenye jicho anaweza kulipofusha. Kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha hana nguvu kubwa. Lakini nani anapaka losheni kwenye ngozi isiyo na mkwaruzo hata mmoja? Watoto wenye ukurutu, mtu aliyetoka kunyoa ndevu, mama aliyetoka kujifungua, hao ndio wateja wa kwanza wa losheni ya asili.

Basi tuchague kihifadhi. Vya kale vinavyopatikana kirahisi ni viwili, na vyote vilitoka kwenye mimea. Asidi ya benzoiki ilipatikana kwanza kwenye ubani wa Sumatra na Java, na mwaka 1875 Mjerumani Ernst Salkowski alieleza jinsi inavyozuia kuoza. Asidi ya sorbiki ilitolewa na August Wilhelm von Hofmann mwaka 1859 kutoka kwenye matunda mekundu ya mti wa Ulaya, ikakaa miaka karibu 80 bila kazi ya maana mpaka ilipogundulika kwamba inaua ukungu. Leo zinauzwa zikiwa unga mweupe: sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti.

Hizi ndizo zinazowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu zinafanya kazi mahali fulani tu. Mwaka 1909 Mdenishi Søren Sørensen, akiwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, alibuni kipimo cha pH cha kueleza ukali wa asidi: 7 ni kati kwa kati, na kadiri namba inavyoshuka asidi inazidi. Bila kipimo hicho benzoeti haieleweki. Utando wa seli ya bakteria na ya ukungu haupitishi kirahisi kitu chenye chaji. Benzoeti ina chaji, kwa hiyo inabaki nje. Kwenye maji yenye asidi, sehemu yake inapokea ioni ya haidrojeni, inapoteza chaji, inakuwa asidi kamili ya benzoiki, na kwa umbo hilo inapenya. Ikishaingia ndani, ambako pH iko karibu na 7, inaachia tena haidrojeni yake. Kijidudu kinajaa asidi tumboni na kinatumia nguvu zake zote kuitoa, hakina tena nguvu ya kuzaliana.

Hesabu yake inashtua. Kwenye pH 4.2, nusu ya benzoeti uliyotia iko tayari kwa kazi. Kwenye pH 5 inabaki kama asilimia 14. Kwenye pH 7 haifiki hata sehemu moja kati ya 500. Mtu anatia kipimo sahihi kabisa, gramu kwa gramu, kwenye sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa asidi ya salfoniki na magadi, ambayo mara nyingi pH yake imepita 8, halafu baada ya mwezi anaona ukungu shingoni mwa chupa na kulaani kihifadhi. Hajakosea kipimo. Kihifadhi kimelala tu. Sorbeti inavumilia kidogo zaidi, kwani kwenye pH 5 zaidi ya theluthi yake bado inafanya kazi, lakini kwenye 7 nayo imekwisha.

Dawa yake ni kuteremsha pH mpaka kati ya 4.5 na 5, ambako hata ngozi ya binadamu yenyewe ndiko iliko. Tumia asidi ya sitriki, ile ndimu ya unga inayouzwa kwa wakaanga bajia, ikiyeyushwa kwanza kwenye maji kidogo. Usitumie maji ya limau bichi. Yanakuja na majimaji na sukari ya tunda, ukali wake haufanani limau hadi limau, na vitamini C iliyomo ikikutana na benzoeti kwenye joto na mwanga inaweza kuzalisha benzini kwa kiasi kidogo, kitu ambacho hakuna anayekitaka mwilini.

Hapa ndipo kiongeza uzito kinapodai haki yake. Kaboma, unga mwepesi unaotengeneza jeli ile inayong'aa ya vitakasa mikono, ni mnyororo wa asidi uliojikunja. Unafunguka na kuvimba pale tu unapopunguziwa asidi mpaka pH ikaribie 6 au 7. Tayari umeona mgogoro: benzoeti inataka chini ya 5, kaboma inataka 6. Isitoshe, kaboma haipatani na chumvi. Tia sodiamu benzoeti kwenye jeli yake uone inavyolegea mbele ya macho yako. Anayeshikilia kaboma atafute kihifadhi kisichojali pH, kwa mfano fenoksiethanoli, ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya inairuhusu mpaka asilimia 1, yaani gramu 10 kwa kilo. Ni nzuri kwa bakteria, dhaifu kidogo kwa ukungu, kwa hiyo mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na msaidizi.

Anayetaka benzoeti na sorbeti, kwa sababu ni rahisi na zina historia ndefu kwenye chakula, mwenzake mwema ni gundi ya zanthani. Hii ina kisa chake. Katika miaka ya 1950, kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, mkemia Allene Jeanes na wenzake walikuwa wakichunguza bakteria mmoja baada ya mwingine, wakitafuta anayetoa ute wenye faida. Walimpata Xanthomonas campestris, adui wa kabichi na sukuma wiki, anayeyatia majani mishipa myeusi. Wakulima wa Kagera na Uganda wanamjua ndugu yake wa karibu anayenyausha migomba. Ute anaojifunika nao bakteria huyo, ukikaushwa, ni unga ambao nusu gramu yake inatosha kuyapa uzito maji ya gramu 100. Unastahimili asidi, unastahimili chumvi, na una tabia moja ya kupendeza: ukitulia ni mzito, ukisuguliwa unakuwa mwepesi, kwa hiyo losheni haimwagiki kiganjani lakini inatandaa kwenye ngozi. Marekani iliuruhusu kwenye chakula mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo uko kwenye dawa ya meno, sosi na aiskrimu.

Usiumimine kwenye maji hivi hivi, utapata madonge kuliko ya ugali wa mwanafunzi. Uloweshe kwanza kwa gliserini mpaka uwe uji laini, ndipo uongeze maji huku unakoroga. Na usiuchanganye na viyoyozi vya nywele vyenye chaji chanya, kwa sababu zanthani ina chaji hasi na viwili hivyo hushikana na kutengeneza mabonge.

Siwezi kupita hapa bila kutaja mwani. Wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanalima tangu mwaka 1989 mimea ya baharini ambayo ndani yake kuna karajinani, kiongeza uzito kinachonunuliwa na viwanda vya losheni na dawa ya meno duniani. Sehemu kubwa ya mwani wao huondoka ukiwa umekaushwa tu, halafu thamani inatengenezwa kwingine. Baadhi yao wameanza kuusaga na kuutia kwenye sabuni za vipande, na uchaguzi huo ni wa busara kuliko unavyoonekana: sabuni ya kipande ina maji machache na pH ya juu mno kwa vijidudu, haihitaji kihifadhi. Mwani huo huo ukiutia kwenye losheni ya maji, umerudi kwenye hesabu ya benzoeti na ndimu ya unga.

Utauliza: kwa nini tusitumie tu vya asili? Swali hili limegharimu watu ngozi. Mwaka 2004 Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alitangaza kwamba amekuta parabeni, vihifadhi vilivyotumika kwa miongo mingi, kwenye vipande 20 vya uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizosababisha saratani, wala haukulinganisha na titi lisilo na ugonjwa. Lakini hofu haikusubiri. Chupa zikajaa maandishi ya kujisifu kwamba hazina parabeni. Viwanda vilihitaji kitu kingine, na vingi viliongeza matumizi ya methiliaisothiazolinoni. Miaka michache baadaye kliniki za ngozi za Ulaya zilijaa watu wenye vipele na ukurutu, na mwaka 2013 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi kikaitangaza kemikali hiyo kuwa kisababisha mzio cha mwaka. Umoja wa Ulaya ukaishia kuipiga marufuku kwenye bidhaa zinazobaki mwilini. Methiliparabeni, iliyokimbiwa, bado inaruhusiwa huko mpaka asilimia 0.4, na ni miongoni mwa vihifadhi vyenye mzio mdogo. Ndugu zake kadhaa, kama isobutiliparabeni, zilikatazwa mwaka 2014, kwa hiyo soma jina lote, si neno parabeni tu.

Dondoo la mbegu za balungi lina kisa kinachochekesha. Linauzwa likisifiwa kuwa kihifadhi cha asili. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walipima aina sita za dukani. Tano ziliua vijidudu, na zote tano zilikutwa na benzethoniamu kloridi, kemikali ya kiwandani. Ya sita haikuwa na kihifadhi chochote cha kutengenezwa, na haikuua kitu. Vitamini E nayo huuzwa kama kihifadhi. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache, na kwa bakteria haina habari. Mafuta ya mchaichai na ya karafuu yana nguvu ya kweli, ila kwa kipimo kinachotosha kulinda losheni ya maji yanaweza kuchoma ngozi.

Imebaki fomalini. Inafanya kazi kwenye pH ya sabuni ya magadi, ni ya bei nafuu, na ndiyo maana imezoeleka. Lakini ni maji yaliyobeba gesi ya fomaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni mtengenezaji mwenyewe, aliyeinamia ndoo kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakuna sababu ya kuitia kwenye kitu cha kupaka kichwani kwa mtoto wakati ndimu ya unga na benzoeti zinapatikana mtaa huo huo.

Kama huna mizani inayosoma sehemu ya gramu na huna karatasi za pH, tengeneza visivyo na maji: mafuta ya nazi, nta na siagi ya shea kwenye kopo kavu, yasichotwe kwa kidole kibichi. Ukiwa navyo, fuata mpangilio huu kwa shampuu: maji na Ungarol, manukato, kihifadhi, ndimu ya unga mpaka pH ifike 5, chumvi mwisho. Kabla ya kuwauzia watu, peleka sampuli ikapimwe. Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya iko KEBS. Na kwenu wauza kemikali wa Kariakoo, ambao ndio walimu wa kwanza wa kazi hii: wekeni karatasi za pH kwenye kaunta, karibu na chumvi.